Harufu Haina Komeo

Siku sita za juma baba alisukuma chapati
katika jiko la watu, Mtaa wa Kiusa,
ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Maganlal.
Siku ya saba, nyumbani Pasua,
hata mwiko hakujua unalala wapi.
Mama hakuuliza.
Sisi tulikula ndizi, na tulishiba, sisemi uongo.

Ila mikono yake ilisema.
Chini ya kucha, mstari mweupe wa ngano
ambao maji ya bomba hayakuutoa,
na redioni ikisomwa taarifa ya habari
vidole vilikanda hewa juu ya goti,
vikakunja, vikaviringa, vikaacha.

Kisha mama akajifungua Manka, masika yakiwa katikati.
Homa ikamlaza,
dada zake wakakwama Kibosho kwa matope.
Jioni ya tatu ya uji mtupu
baba alisimama, akafunga dirisha.
Akafunga mlango. Akashindilia kanga ya mama
kwenye upenyo wa chini.
"Atakayesema nje," akatuambia, "nitamjua."

Akatoa unga mfukoni mwa koti.
Hatukuuliza umeshuka kutoka ghorofa gani.

Chumvi, kwa ncha za vidole vitatu.
Maji ya uvuguvugu, kidogo, kidogo tena:
"Usiyapime. Unga wenyewe utakwambia basi."
Alikanda kwa kitako cha kiganja,
akalifunika donge kwa bakuli
kama kifaranga aliyepatwa na baridi,
akatukataza kuchungulia.
Kibao hatukuwa nacho: aligeuza sinia.
Kifimbo hatukuwa nacho: chupa ya soda.
Za Bi Kanchan, alisema, ni kavu, nyembamba,
hazioni mafuta, huvimba zenyewe juu ya makaa
kama shavu la mtoto aliyenuna.
Zetu zitakunjwa, mpate kuchambua.
Akapaka mafuta, akaviringa konokono,
akamlaza konokono, akamsukuma hadi akawa mwezi.

Lakini ya kwanza kabisa aliifanya kavu,
akampelekea mama ikiwa bado imevimba.
Mama aliitoboa kwa kidole. Mvuke ukamrukia,
akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne.

Ndipo sauti, ng'ambo ya michongoma:
"Jirani! Mna wageni? Mbona kunanukia sikukuu?"
Mama Eliaichi. Pua ile ilijua siri
hata za sufuria iliyofunikwa.
Tukatazamana. Baba, unga hadi kwenye kope,
akabana koo, sauti ikatoka nyembamba kama uzi:
"Ni mimi, Mama Ndekirwa... homa imepungua..."

Mama alijivuta blanketi usoni,
kitanda kikatikisika.
Kesho yake majirani walimpa pole
kwa kukaukwa sauti,
na hakuna aliyetaja chapati.
Labda walijua. Huku kwetu watu wakijua sana
hunyamaza.

Hakurudia tena, hadi tulipomzika.
Kifimbo alichopewa na Bi Kanchan siku ya kuagana
kilikaa juu ya kabati, gazetini,
miaka ambayo siwezi kuihesabu bila kuona haya.

Leo nimekifungua.
Ncha moja imelika kuliko nyenzake.
Nimekishika hivi, kikakataa.
Nimekigeuza, kikaingia kiganjani
kana kwamba kuna mtu amekiachia sasa hivi.
Sikuwahi kujua kwamba baba alikuwa mwenye shoto.

Chapati yangu ya kwanza ina pembe saba.
Ya pili imeungua.
Nimezila zote mbili nimesimama, kupoteza ushahidi.
Ya tatu inatulia, inatulia,
halafu upande mmoja unavuta pumzi.

Mlango nimeuacha wazi, na dirisha.
Nangoja mtu aulize kama tuna wageni.
Amekuja kuku tu, wa jirani,
anatazama sinia, anatazama mimi.